Taarifa ya Ulinganishi wa Ganda la Yai na Mchanga Mkavu

Ninayo heshima na taadhima kuutangazia umma kwamba Idara ya Vibali imeingia katika zama mpya. Chumba cha Muhuri kitapakwa rangi.

Najua wapo watakaosema, "Ala, rangi tu?" Hao ndio wanaoturudisha nyuma. Chumba cha Muhuri si chumba cha kuchezea. Humo ndimo unamokaa muhuri, na muhuri ndio Idara. Sisi wengine wote ni wapambe. Ni chumba kidogo chenye meza moja, kiti kimoja, na dirisha la nondo linalotazama veranda. Mwananchi husimama verandani na karatasi yake, huipitisha chini ya nondo, karani hugonga muhuri, mwananchi huenda zake. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yakiendeshwa, kienyeji kabisa, kabla sijateuliwa kuwa Katibu wa Kamati ya Ulinganishi wa Rangi.

Yote yalianza na doa. Karani wa Muhuri alikuwa na tabia ya kuegemeza kisogo ukutani kila foleni ilipopungua, na mafuta yake ya nywele yakaacha alama ya duara ambayo ukiitazama sana utadhani nayo inakutazama. Siku moja Mkuu wa Idara, ambaye sisi humwita Mkuu tu kwa kuwa jina lake kamili tunalitunza kwa ajili ya sherehe, aliingia humo kutafuta kalamu, akaliona doa, akasema, "Hapa panataka rangi." Akaondoka na kalamu ya karani. Kabla hajafika mwisho wa ukumbi, kamati ilikuwa imeshaundwa.

Tulikuwa watatu. Mimi Katibu. Bwana Itifaki, ambaye kazi yake ni kujua nani atangulie mlangoni. Na Bibi Takwimu, anayepima kila kitu kwa rula anayoibeba ndani ya pochi. Duka la rangi likatuletea makopo mawili ya majaribio: moja limeandikwa Ganda la Yai, lingine Mchanga Mkavu. Kwa mtu asiye mtaalamu, rangi hizi zinafanana. Hata kwa mtaalamu zinafanana. Ndiyo maana kamati ilihitajika. Zingekuwa nyeusi na nyeupe, nani angehitaji kukaa kikao?

Hatua ya kwanza ilikuwa kukifunga chumba, ili rangi zisije zikazoeleka machoni mwa watu kabla ya uamuzi. Waraka niliuandika mimi na Mkuu akausaini. Ulisema hivi: "Mlango wa Chumba cha Muhuri hautafunguliwa kwa ajili ya mtu yeyote, awe mkubwa awe mdogo, awe ndani awe nje, mpaka rangi ipatikane, isipokuwa kwa kibali chenye muhuri." Maneno "awe ndani awe nje" niliyaongeza mwishoni kwa sababu sentensi ilikuwa inapwaya. Tukagonga mapema vibali viwili vya kamati, kimoja cha fundi kuingia na kimoja cha uzinduzi. Kisha muhuri tukauacha mlemle ndani, kwenye droo, kwa usalama.

Karani wa Muhuri tukampa likizo. Alilipokea jambo hilo kwa utulivu, akaenda kuegemea ukuta mwingine.

Sasa wananchi wetu, Mungu awape subira, wana ubishi. Asubuhi ya kwanza tu ya zama mpya nilimkuta verandani mama mmoja muoka mikate, mtaa mzima unamwita Mama Mikate, kaleta na kigoda chake kabisa. Alikuwa ameshika fomu yake kwa mikono miwili.

"Bwana Katibu, shida yangu ni ndogo," akasema. "Kibali changu kilikwisha. Bwana afya amekuja, amelifunga tanuri langu kwa waya na karatasi nyekundu. Nimejaza fomu, nimeweka picha, barua ya ukaguzi hii hapa. Kinachobaki ni muhuri tu. Pwaa, basi."

"Mama, hiyo 'pwaa' ndiyo mchakato wenyewe."

"Lakini nauona. Ule pale. Droo haijafungika vizuri."

Nikachungulia. Kweli, mpini wa muhuri ulikuwa umejitokeza. "Kuuona si kuupata, mama," nikamwambia kwa upole. "Chumba kiko kwenye ulinganishi."

"Mwenye nyumba kaniambia kama Jumamosi haoni moshi juu ya bati, chumba anampa kinyozi. Kinyozi mwenyewe huyu hapa nyuma yangu."

Kinyozi, kijana mtanashati aliyekuja na fomu ya kwake, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Bwana Katibu. Mimi sina ugomvi na mama. Mkate wake nakula. Ila na mimi natafuta maisha."

Bahati nzuri Mkuu alikuwa anapita kwenda kwenye gari lake. Mama Mikate akamfuata, akamweleza tena habari ya tanuri, waya na Jumamosi. Mkuu ni mtu wa watu. Alisimama, akaichukua ile fomu, akaisoma yote, na akagundua kwamba kwenye kipengele cha "Rangi" mama alikuwa ameacha wazi.

Hapa nieleze kidogo. Idara yetu ina fomu moja tu kwa vibali vyote, iwe unaomba kibali cha tanuri, cha kioski au cha kukata mti. Kipengele cha "Rangi" kimo humo tangu zamani na hakuna anayejua kiliwekwa kwa ajili gani, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukiondoa.

"Fomu isiyojazwa haigongwi, mama," Mkuu akasema. "Mlango wa tanuri lako una rangi gani?"

"Mweusi. Ni moshi."

"Basi andika."

Mama akaandika palepale, karatasi akiiweka juu ya goti. Nyeusi. Haikumchukua hata muda wa kumeza mate.

"Vizuri," Mkuu akasema. "Sasa subiri ulinganishi uishe. Sheria ni msumeno, mama yangu. Hukata mbele na nyuma."

"Mbona mimi naona unakata upande wangu tu?"

"Upande wa nyuma zamu yake itafika." Akaingia garini.

Nilimwonea mama huruma, sitaficha. Lakini huruma haina bajeti.

Hatua ya pili ilikuwa kupaka viraka viwili vya majaribio ukutani, kimoja kila upande wa lile doa. Hapo ndipo Bwana Itifaki alipoinua kidole. Katika Idara yetu, mkubwa hutangulia. Hutangulia kuingia, hutangulia kukaa, hutangulia kucheka. Je, ilikuwa sahihi mtu mwingine yeyote aione rangi ukutani kabla Mkuu hajaiona? Tulitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa ndiye aliyesema ndiyo.

Nikamweleza fundi rangi msimamo wa kamati.

"Nipake bila kuangalia?" akauliza.

"Upake macho yakiwa yamefumbwa."

"Kwani rangi ni bibi harusi?"

"Fundi, fuata maelekezo."

"Bosi, mimi nikifumba macho nitakupaka mpaka wewe."

Alifumba. Mimi nilisimama nyuma yake kuhakikisha hatazami, na kwa kuwa mimi nami ni mdogo kwa Mkuu, nikafumba yangu pia. Kazi ilikwenda vizuri kwa kusikiliza. Fundi alichovya brashi, akapaka, akachovya tena, akapaka. Alipomaliza tukapapasa, tukatundika mashuka mawili yaliyotolewa kwa hisani ya nyumbani kwa Mkuu, ndipo tukafumbua macho. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na rangi mpaka kiwiko. Niliuficha haraka nyuma ya mgongo, nisije nikamtangulia Mkuu kuiona rangi.

"Sasa ipi ni ipi?" nikamuuliza fundi.

Akaangalia makopo. Yote mawili yalikuwa wazi, yote yamepungua, brashi ilikuwa imelala katikati. "Hapo ndipo umeniweza," akasema.

Nikaandika lebo mbili kwa kukisia kitaalamu, nikazibandika. Fundi akakunja ngazi yake akaniuliza kama anaweza kwenda. Nikamwambia anaweza, ila asisimulie.

Siku ya uzinduzi tulivaa tai. Mkuu alikaa kwenye kiti cha karani, kamati ikasimama, mashuka yakashushwa kwa mpigo mmoja. Mkuu akatazama kushoto, akatazama kulia, akatutazama sisi, kisha akasema, "Mmh."

Akanyanyuka, akatoka.

Tulikaa kikao hapohapo ukumbini kuichambua hiyo "mmh". Bwana Itifaki alishuhudia kwamba Mkuu alipoisema, kiatu chake cha kushoto kilielekea Ganda la Yai. Bibi Takwimu akapinga: kiatu huelekea njia, ila pua huelekea moyo, na pua ya Mkuu ilielekea Mchanga Mkavu, yeye alikwisha kuipima pembe yake. Mimi nilikumbusha kwamba Mkuu alikuwa na mafua. Tukaandika azimio la busara: "Kamati inaunga mkono kwa kauli moja uamuzi wa Mkuu." Nikalipeleka.

Jibu lilirudi kabla chai haijapoa: "Mkuu anaunga mkono kwa dhati uamuzi wa kamati."

Tukamshukuru kwa imani yake, tukasema tunasimama pale aliposimama yeye. Naye akatushukuru kwa umoja wetu, akasema yuko nyuma yetu. Barua zilikwenda na kurudi hivyo, kila moja ina heshima kuliko iliyotangulia. Sijawahi kufanya kazi mahali penye maelewano makubwa namna hii. Tatizo dogo lililobaki lilikuwa kwamba rangi haijachaguliwa.

Foleni verandani ikazidi kuwa ndefu. Watu walianza kufahamiana, wakajua nani ana mgonjwa na nani ana harusi. Kinyozi akawa ananyoa watu palepale kwenye foleni ili siku isipotee bure, akamnyoa hata karani wetu. Mama Mikate alikuwa wa kwanza kila asubuhi. Hakuwa na mikate tena ya kutugawia watu wa ofisini, nasi tulianza kununua biskuti. Alikuwa anakaa kigodani akikitazama kile kimpini cha muhuri kupitia nondo. Siku ya Alhamisi aliniambia wasaidizi wake wameanza kutafuta kazi kwingine. Hakulia. Mimi ningekuwa yeye ningelia.

Basi ikafika Ijumaa.

Kilichotokea Ijumaa nimekipata kwa Mkuu mwenyewe, kupitia dirishani. Asubuhi hiyo alipigiwa simu na wakubwa wake wa juu wakimtaka ataje rangi. Mkuu akagundua kwamba hawezi kuitaja, kwa sababu siku ya uzinduzi hakuangalia ukuta. Alikuwa akiziangalia nyuso zetu ajue sisi tunapenda ipi. Sisi tulikuwa tunaangalia uso wake. Ukuta haukuangaliwa na mtu.

Kwa hiyo akaamua aingie peke yake, kimyakimya, azitazame rangi kama mwanaume. Kibali hakuwa nacho, vile viwili vilikwisha kutumika. Akamtuma mlinzi akamletee maji ya kunywa, akachukua ufunguo kwenye msumari wake, akafungua, akaingia, ufunguo akauacha unaning'inia nje ya mlango.

Mlinzi wetu ni mtu mzima, mpole, hana makuu. Yule aliyemtangulia alifukuzwa kazi na Mkuu kwa kumfungulia mlango bibi kizee aliyesahau mwavuli wake ndani. Huyu wa sasa hilo analikumbuka kila akinywa uji. Alirudi na glasi ya maji, akaona ufunguo uko mlangoni na mlango umerudishwa tu. Akaufunga, ufunguo akautia mfukoni, akaufunga na mfuko wenyewe kwa kifungo. Kazi nzuri, na nikitulia nitamwandikia barua ya pongezi.

Niliposikia mlango unapigwa ngumi kwa ndani nilikimbia. Mkuu alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Nje ya dirisha, foleni nzima ilikuwa imesimama ikimtazama.

"Shikamoo, Mkuu," mlinzi akasema.

"Marahaba. Fungua mlango."

"Kibali, Mkuu."

"Kibali gani? Mimi ndiye niliyetoa ule waraka."

"Ndiyo maana nauheshimu." Mlinzi akautoa waraka mfukoni, akausoma akifuata maneno kwa kidole. "Mtu yeyote. Awe mkubwa awe mdogo. Awe ndani awe nje."

"Hayo ya 'awe ndani' aliyaweka nani?"

Nikaona ni wakati mzuri wa kuikagua dari ya veranda.

"Mzee wangu," Mkuu akasema, sasa kwa sauti ya kubembeleza, "si unanijua?"

"Nakujua sana, Mkuu. Na mwenzangu wa mwavuli naye ulikuwa unamjua."

Ikabidi niingilie kati, kwani waraka wenyewe uliweka njia: kibali chenye muhuri. Muhuri uko ndani, Mkuu yuko ndani, shida iko wapi? Nijaze fomu ya kufunguliwa mlango, niipitishe chini ya nondo, Mkuu agonge, mlinzi afungue, tuendelee na ulinganishi. Nikaijaza harakaharaka nikalisogelea dirisha. Hapo nikakutana na bega la Mama Mikate.

"Foleni inaanzia kule," akasema.

"Mama, hii ni dharura."

"Yangu ni dharura tangu wiki iliyopita."

"Huyu ni Mkuu."

"Mkuu yuko ndani. Wewe ndiye uko kwenye foleni, na wewe umekuja sasa hivi."

Watu wakaguna kukubaliana naye. Kinyozi akanionyesha mwisho wa foleni kwa mkasi, kwa adabu. Kutoka pale sikuuona vizuri. Ulikuwa umekata kona.

Mama hakupaza sauti. Aliiweka fomu yake chini ya nondo, akaisukuma kwa kidole kimoja, akakiacha kidole pale.  

"Mkuu, karibu kazini," akasema. "Nimejaza kila kitu. Na rangi nimeandika."

Mkuu akaitazama fomu. Akamtazama mama. Nyuma ya mama aliwatazama wote wale, akapiga hesabu kwamba njia ya fomu yangu kufika kwake inapita kwenye karatasi zao zote. Akavuta droo.

Mkuu wetu alikuwa hajawahi kugonga muhuri. Yeye husaini. Mara ya kwanza aligonga bila wino. Mara ya pili aligonga kichwa chini miguu juu, mama akamrudishia, akasema agonge tena juu ya sahihi, siyo juu ya uso wake kwenye picha. Mara ya tatu ikakaa. Pwaa.

Mama Mikate akaichukua fomu, akaipuliza, akaisoma kama hakuiamini. Machozi yakamtoka hapo, baada ya siku zote zile. Akabeba kigoda chake.

"Asante, Mkuu. Ulisema kweli, zamu ya upande wa nyuma imefika," akasema, akashuka ngazi mbiombio.

Akafuata kinyozi. Mkuu akamgongea. Kinyozi akatoka na kibali cha kinyozi asiye na chumba, akasema atatafuta kwingine, kwa sababu nyumba yenye moshi wa mikate haimfai mtu wa nywele. Wakafuata wa kioski, wa harusi, wa mti. Mkono wa Mkuu ukazoea. Kufikia mchana alikuwa anapumulia muhuri kabla ya kugonga, kama karani kabisa. Mimi nilikuwa nasogea na foleni hatua kwa hatua, jua la utosi. Niligundua kwamba veranda yetu haina kivuli upande ule. Hakuna aliyewahi kuniambia. Au waliniambia.

Zamu yangu ilifika, nikapitisha fomu. Mkuu akainua muhuri kwa furaha. Mlinzi, aliyekuwa amesimama kando, akainama akasoma.

"Hapa pako wazi, Mkuu. Kwenye rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya chumba kinachoombewa kufunguliwa," nikasema kwa unyonge. "Ni ile fomu ya vibali vyote."

"Si ujaze tu, Katibu."

"Nijaze ipi, Mkuu?"

Mkuu akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, mtu akautazama ukuta. Aliutazama sana. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akaweka kichwa upande.

"Wewe unaona ipi?" akauliza.

"Naona ileile anayoiona Mkuu."

"Kamati inasemaje?"

"Kamati iko pale aliposimama Mkuu."

"Na hizi lebo una hakika nazo?"

"Zilikisiwa kitaalamu."

Alishika kalamu. Ilikuwa ileile ya karani. Aliisogeza mpaka kwenye kile kipengele, nikaona mdomo wake unatamka herufi ya kwanza, halafu kalamu ikasimama. Maana akiandika, ameandika yeye. Itakuwa na jina lake na muhuri wake. Kesho mtu wa juu akiingia na kusema hii si nzuri, hataweza kusema ni kamati. Jasho lilikuwa linamtoka. Nilimwelewa kabisa.

"Mimi niliandika nyeusi," Mama Mikate akasema kwa nyuma. Alikuwa amerudi, unga mpaka kwenye nyusi, kabeba kikapu kimefunikwa. "Pale pale. Kwani rangi inang'ata?"

Mkuu akaweka kalamu chini. "Andika," akaniambia, "'Kama itakavyopendekezwa.'"

"Hiyo si rangi, Mkuu," mlinzi akasema kwa masikitiko. Na kweli alisikitika.

Jumamosi mke wa Mkuu alikuja na chakula, akachungulia, akasema Ganda la Yai, twende nyumbani, huyu hata soksi namchagulia mimi. Maoni yake tumeyapokea. Hata hivyo si mjumbe.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo hadi ninapoandika taarifa hii. Ulinganishi unaendelea. Yale mashuka mawili yamepata matumizi. Mambo mengine ya kibinadamu yanashughulikiwa kwa ndoo aliyoiacha fundi, na sitayaeleza katika karatasi rasmi. Dirisha hufunguliwa alfajiri, kwa kuwa anayelifungua analala hapohapo, na foleni huisha kabla ya adhuhuri. Mama Mikate huleta mkate wa moto kila asubuhi. Ameanza kuoka aina moja bapa ili upite chini ya nondo, na watu wa ofisini tunaununua kwa foleni kama wengine. Karani wa Muhuri bado yuko likizo, na anasema haoni sababu ya kurudi. Kisogo cha Mkuu kimeanza kuegemea ukutani, palepale penye doa, na doa limekua.

Jana wananchi waliwasilisha ombi lenye sahihi nyingi. Wanaiomba kamati ifanye kazi yake kwa kina, izitazame rangi zote mbili kwa makini, isikubali kuharakishwa na mtu yeyote, awe mkubwa awe mdogo, awe ndani awe nje. Walilipitisha chini ya nondo pamoja na karatasi nyingine za siku hiyo. Mkuu aliligonga bila kusoma, maana foleni ilikuwa ndefu.

Lina muhuri. Kamati imelikubali kwa kauli moja.